Masurufu ya Msafiri: Raha na Taabu za Safari Ndefu katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Hapana safari ndefu isiyozaa malalamiko. Mtu ashukaye Mombasa alfajiri kutoka katika ndege iliyoruka usiku kucha toka Ulaya, magoti yakimwuma na macho yamekuwa mekundu, aghalabu huwa na mashtaka tayari kabla hajauliza mizigo yake. Kiti kilikuwa chembamba. Chakula kilikuwa haba, tena baridi. Maji aliyoyaomba hayakuja. Ndege ilichelewa, na hapana aliyemwambia sababu. Ukimsikiliza waweza kudhani kwamba mashtaka haya ni mapya kama ndege yenyewe. Lakini yachunguze moja moja, msomaji, nawe utaona kwamba yote yarudi katika mambo manne: mahali pa kukaa, chakula, maji, na habari ya kweli. Mambo hayo manne ndiyo masurufu ya msafiri, na watu waliopita katika pwani ya Malindi na Kilifi waliyahitaji mamia ya miaka kabla ya ndege ya kwanza kuruka.

Insha hii yakusudia kukuonyesha jinsi wasafiri wa pwani hii walivyopata masurufu hayo, au walivyoyakosa. Katika kusoma, shika swali moja mkononi: taabu ya safari ni kazi ya nani? Je, huletwa na bahari na anga, ambazo hazina sikio la kumsikiliza mtu, au huletwa na mwenye chombo, ambaye angaliweza kufanya vingine? Jibu la swali hili hubadilika zama kwa zama, na mabadiliko yake ni sehemu ya historia ya haki za binadamu.

Kwanza yafaa tuzikumbuke pepo. Kabla ya meli za moshi, safari zote ndefu za Bahari ya Hindi zilikuwa chini ya amri ya pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hata Machi, nayo ndiyo iliyovileta vyombo toka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huvuma tangu Aprili hata Septemba, nayo ndiyo iliyovirudisha. Katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka, na nahodha mwenye busara hakuthubutu kuivuka. Kwa hiyo msafiri wa zamani hakuuliza chombo kitaondoka saa ngapi. Aliuliza kitaondoka mwezi gani. Aliyechelewa msimu alikaa ugenini miezi mingi, na wengi waliokaa hivyo walioa, wakajenga, wakawa wenyeji. Miji ya pwani yetu, pamoja na lugha hii uisomayo, imekua kwa sehemu kubwa kutokana na kungoja huko.

Katika chombo mtu mkubwa kwa cheo alikuwa nahodha, lakini mtu mkubwa kwa elimu aliitwa mwalimu. Yeye ndiye aliyezijua nyota, miamba, kina cha maji na majira ya pepo. Si jambo dogo kwamba jina tumwitalo mtu afundishaye darasani lilikuwa pia jina la mtu aongozaye chombo baharini. Wote wawili wamekabidhiwa maisha ya watu wasiojua njia.

Mmoja wa wasafiri mashuhuri wa kwanza kutoka Malindi hakuwa mtu. Katika mwaka wa 1415 mabalozi wa Malindi walifika China, wakampelekea mfalme Yongle zawadi ya twiga. Siku hizo merikebu kubwa za China, chini ya amiri Zheng He, zilikuwa zikizunguka Bahari ya Hindi, na katika safari yao ya mwaka wa 1417 hata 1419 ziliwarudisha mabalozi kwao. Fikiri, msomaji, utumishi aliouhitaji abiria yule. Shingo yake haitoshi chini ya sitaha. Huhitaji majani kila siku, na baharini hakuna mti. Chombo kikiyumba, miguu yake mirefu haina pa kujishikilia. Hata hivyo alifika hai, na Wachina wakafurahi kwa kumdhania kuwa ni mnyama wa baraka atajwaye katika hadithi zao. Alifika hai kwa sababu kila aliyemchukua alijua kwamba akifa, zawadi imekufa. Tutakutana baadaye na abiria wengine, ambao walikuwa watu, lakini hawakuwekewa hata nusu ya uangalizi huo.

Sasa natuitazame safari iliyoandikwa zaidi kuliko zote zilizopita Malindi. Vasco da Gama aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 na vyombo vinne. Alipofika mto wa Quelimane, katika nchi iitwayo sasa Msumbiji, mwanzoni mwa mwaka wa 1498, mabaharia wake walikuwa wamekwisha patwa na kiseyeye. Mmoja wao aliyeandika habari za safari asema kwamba mikono na miguu ya watu ilivimba, na fizi zao zikaota juu ya meno hata wasiweze kula. Hakika huu ndio upungufu mkubwa kabisa wa chakula cha safarini: si kwamba chakula kimekwisha, bali kwamba kilichopo hakimjengi mtu. Nyama ya chumvi na mkate mkavu hujaza tumbo, lakini havina kile kitu kilichomo katika matunda na mboga mbichi, ambacho bila yake mwili hufumuka.

Da Gama alifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, akaingiwa na hofu, akaondoka. Njiani aliiteka mashua yenye watu 17, na jioni ya tarehe 14 akatia nanga mbele ya Malindi. Mfalme wa Malindi alimpelekea kondoo sita pamoja na karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili. Walikutana majini, mfalme amevaa joho lililopambwa kwa hariri ya kijani, amefunikwa kwa mwavuli wa hariri nyekundu, na siwa mbili za pembe za ndovu, zenye urefu wa kimo cha mtu, zikipigwa mbele yake. Wageni waliozoea harufu ya ngama na ladha ya mkate wa ukungu walikaribishwa kama watu.

Usidhani kwamba ukarimu huu ulikuwa wa moyo mtupu. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, na mfalme wa Malindi alitafuta rafiki mwenye mizinga. Wala usidhani kwamba mgeni alikuwa mwema. Mfalme alipokawia kumpa kiongozi wa njia, da Gama alimzuia chomboni mtumishi wa mfalme mpaka kiongozi akaletwa. Basi katika siku tisa au kumi za Malindi palikuwa na ukarimu, hesabu na vitisho vikichanganyika pamoja. Hivyo ndivyo historia ilivyo. Mwenye kuisoma kwa kutafuta malaika upande mmoja na mashetani upande wa pili hataielewa.

Kiongozi aliyetolewa Malindi alikuwa mwalimu wa kweli. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba alikuwa Ahmad bin Majid, bingwa wa bahari kutoka Arabuni. Wataalamu wa siku hizi wameliacha neno hilo, maana waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wamtaja mtu wa Gujarat, na jina walilomwandikia laanza na neno lililo dhahiri kuwa ni hilohilo letu la mwalimu. Yeye aliijua bahari na majira yake. Vyombo vilitweka tanga tarehe 24 Aprili, kusi ilipokuwa imeanza tu na bado ni ya wastani. Baada ya siku 23 nchi ya Bara Hindi ikaonekana. Wareno waliivuka bahari wasiyoijua kwa wepesi ambao hawakuupata tangu watoke kwao.

Sasa linganisha na marejeo. Huko Calicut da Gama aligombana na watawala, akaondoka kwa haraka tarehe 29 Agosti 1498, wakati ambao hakuna chombo cha Bara Hindi kiendacho Afrika. Alipitia kisiwa cha Anjediva, na tarehe 5 Oktoba akaikabili bahari kuu, kaskazi ikiwa bado haijaanza. Mara upepo ulikufa, mara ulivuma usoni. Bahari ile waliyoivuka kwa siku 23 iliwachukua miezi mitatu kasoro siku tatu. Kiseyeye kilirudi. Watu 30 walikufa katika kuvuka huko, na katika kila chombo walibaki watu saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Walipoiona Mogadishu tarehe 2 Januari 1499, hawakutua. Walisonga mbele, na tarehe 7 wakatia nanga Malindi.

Mfalme aliwapelekea kondoo tena, na watu wake wakaleta kuku na mayai. Lakini wagonjwa walitamani kitu kimoja, nacho ni machungwa. Nahodha akatuma mtu kuyaomba, na kesho yake yakaletwa pamoja na matunda mengine. Kwa baadhi yao yalikuja kwa kuchelewa, wakazikwa Malindi. Waliobaki walikaa siku tano, kisha wakaondoka, wakiwa wachache hata hawakuweza kuviendesha vyombo vyote vitatu vilivyosalia. Kimoja, São Rafael, walikichoma moto katika pwani ya kusini ya Mombasa. Waliorudi Ureno hawakufika nusu ya wale waliotoka.

Hapa swali letu lapata jibu la kwanza. Bahari ilikuwa ileile moja, vyombo vilevile, mabaharia walewale. Kilichotofautisha siku 23 na miezi mitatu ni elimu ya mwalimu na subira ya kungoja majira. Waliokufa katika marejeo hawakuuawa na bahari peke yake; waliuawa na uamuzi wa kuondoka wakati usiofaa. Na wale waliokufa hawakuulizwa shauri.

Jambo la pili la kujifunza ni hili la machungwa. Mabaharia wale wagonjwa hawakuwa na shule ya uganga, lakini miili yao iliwaambia wanachokihitaji. Ilipita miaka karibu 250 kabla ya daktari wa merikebu ya Kiingereza, James Lind, kuwapa wagonjwa wa kiseyeye dawa mbalimbali kwa majaribio katika mwaka wa 1747, na kuona kwamba waliopewa machungwa na ndimu ndio waliopona upesi. Alichapisha habari hizo katika mwaka wa 1753. Hata hivyo, jeshi la maji la Uingereza halikuamuru maji ya ndimu yatolewe kwa mabaharia wote mpaka mwaka wa 1795. Kitu chenyewe kilichomo katika matunda, ambacho leo twakiita vitamini C, kilitambuliwa na wataalamu katika miaka ya 1930. Basi tangu machungwa ya Malindi hata amri ile ya ndimu ilipita karibu miaka 300, na katika muda huo maelfu ya maelfu ya mabaharia walikufa kwa ugonjwa ambao tiba yake huchumwa mtini. Mwenye chombo mara nyingi huwa na habari kabla hajawa na nia.

Tumefika sasa katika sura iliyo chungu, nami sitaipita kimya. Malindi, uliokuwa umekufa kwa muda mrefu, ulianzishwa tena na Sultani Majid wa Unguja katika mwaka wa 1861. Ardhi nzuri ya Malindi ilipandwa mtama na ufuta, na mavuno yakapelekwa Arabuni. Walioilima walikuwa watumwa, na wengi wao waliletwa kwa majahazi kutoka kusini. Abiria hao hawakulipa nauli, maana wao wenyewe walikuwa bidhaa. Maafisa wa merikebu za Kiingereza waliokuwa wakiyakamata majahazi ya watumwa wameandika waliyoyaona: watu wamepangwa chini ya sitaha magoti yakigusa kidevu, wasiweze kujinyosha, maji kidogo, mtama mkavu, na waliokufa wakitupwa baharini. Mkumbuke twiga wa mwaka wa 1415. Yeye alilindwa kwa kuwa alikuwa mmoja tu na thamani yake ilikuwa kubwa. Hawa walibanwa kwa kuwa walikuwa wengi, na mfanya biashara alikwisha hesabu mapema ni wangapi wangekufa na bado akapata faida.

Katika mwaka wa 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kukataza watumwa kusafirishwa kwa bahari. Biashara haikukoma siku hiyo. Wengine waliendeshwa kwa miguu katika njia ya pwani. Lakini watumwa wenyewe hawakungoja mapatano. Wengi walitoroka mashambani, wakajenga vijiji vyao barani, kama Fuladoyo nyuma ya Kilifi, wakalima na kujilinda. Sheria ya Kenya iliacha kuutambua utumwa katika mwaka wa 1907. Naiweka sura hii katikati ya insha ya raha za safari kwa sababu ndiyo inayotuonyesha mwisho wa njia, pale abiria anapohesabiwa kama mzigo tu.

Abiria huru wa majahazi waliishi kati ya hali hizo mbili. Katika majira ya mwaka wa 1938 na 1939 baharia na mwandishi Alan Villiers alisafiri katika bumu la Kuwait, lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, toka Arabuni hata pwani yetu na Unguja, kisha akaandika kitabu. Katika bandari ya Shihr, huko Hadhramaut, bumu lilipakia abiria kama 200. Sitaha ilijaa watu na mizigo. Mtu akiamka usiku hakuwa na pa kukanyaga. Wanawake walikaa katika chumba cha shetri, gizani na penye joto. Choo kilikuwa sanduku lililoning'inizwa nje ya chombo, juu ya mawimbi. Lakini Villiers aliona pia jambo jingine: watu walisali pamoja, walipika pamoja, walisimuliana hadithi, na nahodha alikaa palepale mbele ya macho yao. Mwenye shida alijua ni nani wa kumwambia. Chombo kilikuwa kibaya kwa mwili, walakini hakikumficha bwana wake.

Meli za moshi zilibadilisha mambo. Mwaka wa 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na mwaka wa 1872 meli za kampuni ya British India zilianza safari za kila mwezi kati ya Aden na Unguja. Sasa tarehe iliweza kuandikwa kabla, na msafiri akaanza kuidai. Kwa jambo hilo meli zilileta mazoea mapya moyoni: mtu hawezi kukasirika kwa kucheleweshwa mpaka kwanza awe ameahidiwa saa. Meli zilileta pia madaraja. Juu walikaa wenye vyumba, vitanda na meza za kulia. Sitahani walilala wengine kwa mikeka, na masurufu yao katika vikapu. Wote walisafiri katika meli moja, lakini hawakusafiri safari moja.

Ndege nazo zilianza kwa daraja la juu tu. Katika mwaka wa 1937 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari za ndege za majini kutoka Uingereza hata Durban, zikitua njiani Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ndege ile ilikuwa na nafasi ya abiria wasiozidi 24, na mahali pa kusimama na kutazama nchi kwa dirisha. Haikuruka usiku, jioni ilitua, na abiria wakalala hotelini kama wageni waheshimiwa. Safari ilichukua siku kadhaa, na nauli yake haikuwezwa na karani wala mwalimu wa shule. Kisha tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti ya abiria, iitwayo Comet, iliondoka London kwenda Johannesburg kwa kupitia Entebbe, na safari ya siku nyingi ikageuka kuwa ya siku moja. Ndege hiyo ilisimamishwa mwaka wa 1954 baada ya ajali zilizosababishwa na kuchoka kwa bati la mwili wake, lakini njia ilikuwa imekwisha funguka.

Tangu miaka ya 1970 watalii wa Ulaya, hasa Wajerumani na Waitalia, walianza kuja kwa wingi katika pwani yetu kwa ndege zilizokodiwa na makampuni ya utalii. Waitalia wengi waliipenda Malindi, wengine wakajenga huko, hata utakuta vijana wa mji huo wanaosema Kiitalia kwa ufasaha. Safari toka Ulaya ni ya saa nane au tisa. Nauli ilishuka kwa sababu ya hesabu moja nyepesi: ndege ni ileile na mafuta ni yaleyale, basi viti vikiongezwa, gharama hugawanyika kwa watu wengi zaidi. Ndiyo maana kati ya kiti na kiti huachwa sentimita 71 hata 76 tu. Unyoofu watulazimisha kukubali kwamba kubanwa huko ndiko kulikomwezesha mfanya kazi wa kawaida kuiona bahari yetu, na mwana wa Kilifi kwenda masomoni ng'ambo na kurudi. Raha iliyouzwa ilinunua kitu.

Yafaa vilevile ujue ni taabu gani za ndege zitokazo angani na zipi zitokazo kwa watu. Ndani ya ndege hewa huwa nyepesi, kama ya mtu aliye juu ya mlima wa mita 1,800 hata 2,400. Tena huwa kavu kuliko hewa ya jangwa. Kwa hiyo koo hukauka, miguu huvimba, na chakula hupungua ladha kinywani hata kikipikwa vizuri. Mtu akaaye muda mrefu bila kunyosha miguu aweza kugandwa na damu katika mishipa, jambo la hatari. Hayo yaletwa na anga na kukaa kitako. Lakini maji yasiyoletwa kwa mwenye kiu, na ukimya wa saa nyingi wakati ndege imekwama, hayakuletwa na anga.

Tena kwa mgeni wa Malindi safari haikuishia uwanjani. Ndege kubwa za Ulaya hutua Mombasa, na toka hapo hata Malindi ni mwendo wa kilomita kama 120 kwa barabara. Hata mwaka wa 1991, ulipofunguliwa daraja la Kilifi, magari yalivuka hori la Kilifi kwa feri, na foleni ilikuwa ndefu. Mgeni aliyekuja toka Ulaya kwa saa nane aliweza kukaa juani akiyatazama maji ambayo mvuvi huyavuka kwa dakika chache. Lakini wenyeji walingoja pia: mgonjwa, mama mjamzito, mwenye samaki wa kuoza. Mtalii alingoja mara mbili maishani mwake, wao walingoja kila siku. Kila usikiapo malalamiko ya msafiri, uliza pia ni nani aliye katika foleni hiyohiyo ambaye sauti yake haisikiki.

Sauti ya abiria ilianza kupewa nguvu ya sheria katika karne ya 20. Mapatano ya Warsaw ya mwaka wa 1929 yaliweka kanuni za kwanza za mataifa juu ya wajibu wa mwenye ndege. Baadaye yakaja mapatano ya Montreal ya mwaka wa 1999, ambayo Kenya imeyakubali. Haya yasema kwamba mwenye ndege hujibu kwa hasara iliyoletwa na kuchelewa, isipokuwa akithibitisha kwamba yeye na watumishi wake walifanya yote yaliyopasa kuizuia, au kwamba haikuwezekana kuyafanya. Tazama, msomaji: hilo ni swali letu lilelile, sasa laulizwa na hakimu. Nayo sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyotungwa mwaka wa 2004 na kuanza kutumika mwaka wa 2005, imekwenda mbali zaidi. Kwa safari inayozidi kilomita 3,500 fidia yaweza kufika yuro 600. Na hata kama ndege imezuiwa na tufani, ambapo fidia hailipwi, wajibu wa kumpa abiria chakula, kinywaji na mahali pa kulala hauondoki.

Walakini sheria hiyo ina mpaka. Yamlinda kila aondokaye katika kiwanja cha Ulaya, na yamlinda aendaye Ulaya ikiwa ndege ni ya shirika la Ulaya. Aondokaye Mombasa kwa ndege ya shirika lisilo la Ulaya hana kinga hiyo. Basi abiria wawili waweza kukwama usiku mmoja katika ukumbi mmoja, mmoja akapewa chakula na kitanda kwa amri ya sheria, wa pili akangoja huruma ya karani. Madaraja ya meli za moshi hayajatoka duniani. Yamehamia katika vitabu vya sheria, na kazi ya kuyaondoa itakuwa ya watu wa umri wako.

Wazee wetu walisema kwamba msafiri ni maskini, ajapokuwa sultani. Hawakukusudia kwamba hana fedha. Walikusudia kwamba mtu aliye njiani hawezi kuchimba kisima, wala kupanda mti, wala kukigeuza chombo kirudi. Yumo mikononi mwa watu wengine. Watu wa Malindi hawakuleta kiseyeye katika vyombo vya da Gama, wala hawakumshauri aondoke Bara Hindi kabla ya kaskazi. Hata hivyo machungwa yaliyoombwa yaliletwa kesho yake. Sheria ya Ulaya, kwa maneno yake makavu ya mahakama, imefikia neno hilohilo: anayehitaji maji hapewi kwanza mashauri ya nani mkosa.

Kwa hiyo usidharau malalamiko ya wasafiri, wala usiyaamini yote. Yapime. Tenga lililoletwa na upepo na lililoletwa na uvivu, lililouzwa kwa nauli nafuu na lililoibwa. Katika ninyi mnaosoma ukurasa huu watatoka marubani, manahodha, watumishi wa ndege, madereva wa mabasi ya Malindi, wenye hoteli na mawakili. Kila mmoja atakabidhiwa siku moja watu wasiojua njia, wenye kiu, waliochoka, wanaouliza kuna nini. Jawabu la kwanza wanalostahili ni maji, na la pili ni ukweli.